Tiketi ya msimu, butura na benchi la mjomba

Haya, wale wenzangu wa Arsenal sogeeni karibu kidogo. Wale wa Manchester mnaruhusiwa kusikiliza kwa mbali. Leo sizungumzii matokeo, nazungumzia hela.

Mwaka 2014 BBC walifanya ule uchunguzi wao wa bei za mpira Uingereza. Wakakuta kwamba tiketi ya msimu ya Arsenal, ile ya bei ya chini kabisa, ni pauni 1,014. Ya juu kabisa ilikuwa pauni 2,013, na hakuna klabu nyingine ya Ligi Kuu iliyofika hapo. Kwa pauni ya wakati ule, hiyo ya chini tu ni kama shilingi milioni 2 na laki 7 za kwetu. Mwaka huo huo Manchester City, ambao ndio walikuwa mabingwa, walikuwa na tiketi ya msimu ya pauni 299. Yaani bingwa anauza rahisi na anayemaliza wa nne anauza ghali! Sina la kuongeza hapo, shabiki mwenzangu unajua mwenyewe tulivyozoea.

Lakini kabla hujamcheka yule mzee wa London Kaskazini anayetoa milioni 2 na laki 7, piga hesabu. Tiketi ile ilikuwa na mechi 26 ndani yake: 19 za ligi za nyumbani na 7 za vikombe. Gawanya, unapata kama pauni 39 kwa mechi. Asiyekuwa na tiketi ya msimu, akitaka kiti kizuri siku ya mechi kubwa, angeweza kutozwa mpaka pauni 97. Kwa hiyo mwenye fungu la kulipa kwa mkupuo mwezi wa sita anaangalia mpira kwa bei nafuu mwaka mzima, na asiye nalo analipa ghali mechi moja moja. Aliye nacho anaongezewa punguzo. Mkumbuke jambo hili, nitalirudia.

Sasa tuje nyumbani. Mimi natokea Murongo. Kwa wasiopajua: ni mpakani kabisa, Kagera, ng'ambo ya Mto Kagera ni Kikagati ya Uganda. Zamani tulikuwa wilaya ya Karagwe, tangu mwaka 2012 tuko wilaya mpya ya Kyerwa. Sokoni shilingi za nchi mbili zinatembea pamoja, na redio unayoisikia vizuri mara nyingi si ya kwetu.

Shabiki wa Murongo akitaka kuingia uwanjani kuona Ligi Kuu kwa macho yake, aende wapi? Kabla Kagera Sugar haijashuka daraja, jibu la haraka lilikuwa Kaitaba, Bukoba. Haya, toka Murongo mpaka Omugakorongo ni zaidi ya kilomita 100 za barabara ambayo sitaki kuanza kuielezea, nitaharibu makala. Kisha Kyaka, kisha Bukoba. Jumla zaidi ya kilomita 200. Kwenda, kulala, kurudi. Nauli, chakula na gesti vinazidi bei ya kiingilio mara kumi na zaidi. Ukimuuzia mtu huyu tiketi ya msimu ya mechi 15 za nyumbani utakuwa unamtania.

Halafu kuna kitu cha kuchekesha. Uwanja wa timu kubwa ulio karibu zaidi na Murongo si Kaitaba. Ni Kakyeka, Mbarara, ndani ya Uganda. Kutoka daraja la Murongo mpaka Mbarara ni kama kilomita 74 za lami safi. Mbarara City walipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2017, vijana kadhaa wa kwetu walivuka kwenda kuwatazama. Vijana hao hao ukiwauliza timu yao watakwambia Simba au Yanga, ambazo ziko Dar es Salaam, mwisho mwingine wa nchi. Mpira kwetu ndivyo ulivyo. Moyo uko Msimbazi au Jangwani, miguu iko jirani na Mbarara, macho yako kwenye kioo, London.

Na hata wale wa Bukoba mjini wenye Kaitaba mlangoni, tiketi ya msimu ingewafaa? Nimekaa Kaitaba mara kadhaa kwa kazi. Simba au Yanga walipokuja, uwanja ulifurika mpaka watu wakapanda miti. Wiki mbili baadaye ilipokuja timu nyingine, uliweza kuwahesabu mashabiki kwa majina. Wengi Bukoba hawanunui Kagera Sugar, wananunua mgeni. Anayetaka mechi 2 huwezi kumuuzia 15. Hii ni bahati mbaya, kwa sababu Kagera Sugar haikuwa timu ya kudharauliwa. Mei 2018 ndiyo iliyokwenda Taifa kuwafunga Simba 1-0, siku ambayo Simba walikuwa wanakabidhiwa kombe na Rais Magufuli yupo jukwaani. Hawakuwa wamefungwa mechi hata moja ya ligi msimu ule! Mwisho wa msimu wa 2024/25 timu hiyo ikashuka daraja. Fikiria ungekuwa na tiketi ya miaka mitatu.

Mtu ataniambia, mbona Simba na Yanga wana kadi za wanachama? Ni kweli, na watu wanazipenda kadi hizo, wanapiga nazo picha. Lakini ile kadi haikufungulii geti. Ni kura. Unaingia mkutano mkuu, unachagua viongozi, unapiga kelele, siku ya mechi unapanga foleni na kulipa mzunguko kama mtu mwingine yeyote. Yule wa Arsenal ni kinyume chake: kiti anacho, jina lake liko kwenye kompyuta, kura hana. Wenye klabu wakiamua kupandisha bei anasoma gazetini kama mimi. Wajerumani ndio wamejaribu kuunganisha. Kwao kuna ile kanuni ya 50+1, wanachama wa klabu lazima wabaki na wingi wa kura, na sidhani ni bahati tu kwamba Dortmund wana jukwaa la watu karibu 25,000 wanaosimama, kwa bei ambayo London utaishia kununulia jezi. Wanachama hawajitozi wenyewe bei za kuwaumiza.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mjomba wangu ana kibanda umiza Murongo. Mabati juu, mbao pembeni, benchi za kutosha watu 70 wakibanana, na huwa wanabanana. Kiingilio shilingi 500, mechi kubwa 1,000. Ukiwa na shilingi ya Uganda anapokea, kiwango cha kubadilishia anacho kichwani na hakijawahi kumpunja yeye.

Agosti 2023 mjomba akaja na jambo jipya. Alikuwa amesikia mahali habari za tiketi ya msimu, akaona na yeye anaweza. Akachukua daftari kubwa, akatengeneza kadi za karatasi ngumu zenye mhuri wa duka lake: KADI YA MSIMU, SHILINGI 20,000, mechi zote mpaka Mei. Hesabu yake ilikuwa hii: timu moja ya England ina mechi 38 za ligi. Mara 500 ni 19,000. Kwa hiyo akiuza kwa 20,000 ameshapata faida, na hela anaipata yote mwanzoni. Akauza kadi 40. Laki 8 taslimu! Akanunua runinga kubwa na jenereta ya mkononi, maana pamoja na mtambo wa megawati 14 uliojengwa palepale kwenye Mto Kagera, umeme bado una tabia ya kuondoka dakika ya 80.

Nadhani umeshaona alipokosea. Shabiki wa Arsenal haangalii mechi za Arsenal tu. Anaangalia za Manchester United ili ashangilie wakifungwa. Anaangalia za Simba, za Yanga, za Ligi ya Mabingwa usiku wa Jumanne. Na kama kuingia ni bure basi anaangalia hata Burnley na Luton, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Krismasi ile nilikuwa nyumbani, mjomba akanipa daftari nimpigie hesabu kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa ukoo. Wastani wenye kadi walikuwa wanakuja mara tatu kwa wiki. Wiki 40 za msimu, hiyo ni mechi 120. Kwa 500 ni shilingi 60,000. Wao walilipa 20,000, yaani kama shilingi 166 kwa mechi. Bei ya andazi.

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Mjomba, kumbe nimeuza butura."

Kwa asiyekuwa wa Kagera nieleze. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mkulima amebanwa, mtoto anahitaji ada au kuna mgonjwa, anakwenda kwa mwenye hela. Yule anatembea shambani, anaangalia maua au kahawa mbichi, anataja bei, na siku ya kuvuna kahawa si yako tena. Bei siku zote iko chini, kwa sababu mnunuzi anasema amebeba hatari: jua, wadudu, wizi. Serikali imepiga marufuku miaka nenda rudi. Viongozi wakija mkutanoni wanaikemea, wakiondoka inaendelea, maana ada ya shule haisubiri mavuno.

Mjomba alikuwa sahihi. Kila tiketi ya msimu duniani ni butura. Klabu inauza mavuno ya mwaka mzima yakiwa mtini, inapokea hela mapema, inatoa punguzo. Ila kwa kawaida klabu ndiyo yenye nguvu na shabiki ndiye mwenye njaa, kwa hiyo butura yao inamuumiza mnunuzi. Hatari yote anabeba yeye. Timu ikiwa mbovu ifikapo Novemba hela yake hairudi. Kwa mjomba ilikuwa kinyume, mwenye shamba ndiye alikuwa dhaifu.

Na si mjomba peke yake. Leeds United mwaka 2001 walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mwaka huo huo wakakopa pauni milioni 60 kwa dhamana ya mapato ya tiketi zao ya miaka 25 ijayo. Miaka 25! Hiyo si kuuza kahawa mtini, hiyo ni kuuza kahawa ya miche ambayo haijapandwa. Walitegemea kucheza Ligi ya Mabingwa kila mwaka, hawakuipata tena, wachezaji wakauzwa mmoja mmoja, na mwaka 2004 wakashuka daraja. Nilimsimulia mjomba habari hii nikidhani itamfariji. Haikumfariji.

Kitu kingine nilichokiona kwenye daftari kilinishangaza zaidi. Niliangalia kadi 40 walinunua akina nani. Nilitegemea vijana wa bodaboda, maana ndio wanaopiga kelele kuliko wote. Walikuwa wanne tu. Waliobaki karibu wote walikuwa wakulima, na walimu wachache. Nikamuuliza bodaboda mmoja niliyesoma naye shule ya msingi, kwa nini hukuchukua kadi, ungeokoa hela nyingi? Akaniangalia kama mtu asiyejua maisha. "Hela yangu mimi ni ya leo. Elfu 20 nitaishika siku gani?"

Mkulima ni tofauti. Agosti kwetu kahawa imevunwa, hela ipo mfukoni. Na hela ya kahawa haikai, kila mwana Kagera anajua. Inapofika Februari na Machi, mfuko mtupu, mvua, kula ni ndizi za shambani, na ligi ya England ndiyo kwanza imenoga. Yule aliyenunua kadi Agosti, Machi anaingia kibandani kifua mbele bila senti. Aligeuza kahawa kuwa mechi na mechi haziozi wala hakuna ndugu anayekuja kuzikopa. Shangazi yangu, mke wa mjomba, anasema ni heri wangeigeuza kuwa madaftari ya watoto. Namheshimu sana shangazi, na siwezi kusema amekosea. Ila nimewaona wanaume wale mwezi Machi, na ile saa mbili ya jioni ndiyo pekee ambayo hawaulizwi chochote na mtu yeyote.

Kwa hiyo yule bodaboda, ambaye kipato chake kwa mwaka si lazima kiwe kidogo kuliko cha mkulima, ndiye analipa 60,000 kwa kile kile ambacho mwenzake amelipia 20,000. London na Murongo ni hadithi ile ile. Anayeishi kwa hela ya siku hulipa bei ya siku.

Februari 2024 mambo yakaanza kuwa magumu. Tarehe 4, Jumapili, Arsenal na Liverpool, tukashinda 3-1. Kibanda kimejaa. Zamani mechi kama ile ilikuwa 70,000 kwa mjomba. Sasa wenye kadi 40 walishafika mapema wakashika benchi za mbele, nafasi zikabaki 30. Elfu 30 tu, na mafuta ya jenereta humo humo. Wanaolipa taslimu wakawa wanasimama nyuma na kunung'unika kwamba wao ndio wanaolipa halafu hawaoni. Ukazuka ugomvi: kadi ni ya kuingia, au ni ya kukaa? Kwenye kadi hakukuandikwa. Mwalimu mmoja akadai kwamba tiketi ya msimu Ulaya ina namba ya kiti. Akajibiwa aende Ulaya.

Wiki moja kabla ya Pasaka hela ya kulipia kifurushi ikakosekana. King'amuzi kikazima picha. Tarehe 31 Machi, Jumapili ya Pasaka yenyewe, ilikuwa Manchester City na Arsenal, mechi ambayo kila mtu aliamini itaamua ubingwa. Wenye kadi wakaja mlangoni na kadi zao. Wengine walitaka hela yao irudi, na mjomba hakuwa nayo, ilikuwa imekaa pale ukutani kwa umbo la runinga.

Hapo kuna historia ambayo watu wa Afrika Mashariki tunaikumbuka. GTV waliingia mwaka 2007 na sehemu kubwa ya haki za kuonyesha Ligi Kuu ya England Afrika, bei nafuu, watu wakakimbilia. Mwishoni mwa Januari 2009 wakafunga biashara, ghafla, katikati ya msimu. Madishi yakabaki juu ya mapaa kama masufuria. Aliyekuwa amelipia mbele alibaki na risiti. Kampuni kubwa ikifa hivyo, huna mlango wa kugonga. Kibanda cha mjomba kina mlango.

Nilisimuliwa kwa simu. Mzee mmoja, mkulima, mwenye kadi, alisimama akasema kwa Kinyambo maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama hivi: ukinunua kahawa mtini halafu mwenye shamba akafa njaa kabla ya mavuno, nani atakupalilia? Wakachanga shilingi 1,500 kila mmoja. Si wote. 26 walitoa, 14 hawakutoa, na majina ya hao 14 mjomba ameyaandika kwenye ukurasa wake maalumu. Ikawa 39,000. Iliyopungua mjomba akakopa VICOBA. Picha ikarudi Jumamosi usiku.

Nilipokuwa nasimuliwa nilikumbuka Anfield, Februari 2016. Liverpool walitangaza tiketi ya pauni 77 kwa jukwaa jipya. Dakika ya 77 ya mechi na Sunderland, timu yao ikiongoza 2-0, maelfu ya mashabiki wakasimama wakatoka. Sunderland wakasawazisha, 2-2. Siku chache baadaye wenye klabu wakaifuta ile bei na kuomba radhi. Kinachonigusa ni kwamba waliotoka, wengi wao walishalipa msimu mzima, waliacha mpira wao wenyewe. Wa Murongo nao walishalipa, wakalipa tena. Sijui ni lipi gumu zaidi.

Mechi yenyewe ya Pasaka, City na Arsenal? 0-0. Na Mei tukamaliza wa pili, pointi 89 kwa 91 za City.

Msimu uliofuata mjomba hakuacha kadi, watu hawakumruhusu. Akazipunguza mpaka 20. Zikawa za nusu msimu, Agosti mpaka mwaka mpya, shilingi 18,000, na nyuma zimeandikwa kwa kalamu nyekundu: HAINA KITI. Nilimwomba aongeze kitu kimoja na akakubali kwa shingo upande: daftari la bodaboda, ambapo kijana analipa 500 yake kila anapokuja, anapigiwa alama, na akifikisha alama 36 kwa nusu msimu anaingia bure mpaka Desemba iishe. Ni 18,000 ile ile, kwa hela ya leo. Mara ya mwisho nilipouliza, waliokuwa wamefika 36 kabla ya Krismasi walikuwa watatu, na mmoja wao mjomba anadai alama zake nyingine amejipigia mwenyewe.